Benjamin Graham, mwalimu aliyefundishwa na hasara

Fomu ya kuomba asilimia 20 ya akiba yangu ya uzeeni imelala kwenye droo ya meza yangu tangu muhula uliopita. Nimeshajaza jina, nambari ya uanachama na tarehe ya kuzaliwa. Mahali pa sahihi bado ni peupe.

Ndugu msomaji, najua wengi wenu mmerudi juzi juzi, na wengine mnavuka mpaka kila wiki na mizigo yenu, kwa hiyo nieleze kidogo. Walimu wa serikali hapa Uganda wana pensheni yao. Sisi wa shule za binafsi tunakatwa asilimia 5 ya mshahara kila mwezi, mwajiri anaongeza asilimia 10, na fedha zinakwenda kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF. Sheria ilirekebishwa Januari 2022. Tangu hapo mwanachama aliyefikisha miaka 45, na ambaye amechangia kwa miaka 10, anaruhusiwa kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake kabla ya kustaafu. Mimi nilizaliwa mwaka 1979. Hesabu hiyo haihitaji mwalimu.

Katika chumba cha walimu hapa Rwekubo fomu hiyo imezua mazungumzo kuliko mitihani. Mmoja wetu alichukua fedha zake akanunua pikipiki. Mwingine akaezeka nyumba. Wa tatu alimkabidhi mtu aliyeahidi kuzizidisha mara mbili kwa siku 90, na mpaka leo anamtafuta. Mimi wananiuliza kwa sababu nafundisha hisabati, na kwa sababu wanajua niliwahi kununua hisa. Ninapoulizwa, badala ya kujibu huwa naanza kusimulia maisha ya mtu mmoja aliyekufa mwaka 1976, nami sijazaliwa. Jina lake Benjamin Graham. Leo nimeamua kuyaandika, pengine nitajisikia mwenyewe.

Alizaliwa London tarehe 9 Mei 1894, na jina la ukoo wake halikuwa Graham bali Grossbaum. Wazazi wake walikuwa Wayahudi wafanyabiashara wa vyombo vya kauri kutoka Ulaya: vikombe, sahani, vipambo vya mezani. Alipokuwa na umri wa mwaka mmoja hivi familia ilihamia New York ili baba afungue tawi la biashara huko. Kwa hiyo alikuwa mtoto wa wahamiaji tangu akiwa mgongoni. Jina walilibadilisha wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, pale majina yenye mlio wa Kijerumani yalipoanza kuwaletea watu matatizo. Wenzangu tuliorudi tutalielewa jambo hilo bila maelezo. Wapo kati yetu wenye jina moja la upande ule wa Kagera na jingine la upande huu.

Baba yake alikufa mwaka 1903 akiwa na miaka 35 tu. Aliacha mjane, Dorothy, na watoto watatu wa kiume. Benjamin, mdogo wao, alikuwa na miaka minane. Biashara ya vyombo ilikuwa imesimama juu ya mabega ya marehemu. Haikuchukua muda ikaanguka. Mama akageuza nyumba kuwa ya kupangisha vyumba, nayo haikumlipa. Ndipo akaingia kwenye hisa.

Hapa pana jambo ambalo naomba mlishike, maana makala yote inalizunguka. Mama huyo hakununua hisa kwa fedha zake peke yake. Alilipa sehemu ya bei, na sehemu iliyobaki alikopeshwa na dalali wa hisa, na hisa zenyewe ndizo zilizokuwa dhamana. Bei ikipanda, faida inakuwa kubwa kuliko fedha ulizotia. Ikishuka kidogo tu, dalali anakutaka uongeze fedha. Usipokuwa nazo anauza, hata kama wewe hutaki. Mwaka 1907 hofu kubwa iliyakumba mabenki ya Marekani na bei za hisa zikaporomoka. Akaunti ya mama Graham ikafutika. Vyombo vya nyumbani viliwahi kuuzwa kwa mnada. Mtoto wake alikumbuka hadi uzeeni siku alipotumwa benki na hundi, karani akamuuliza mwenzake kwa sauti kama mama huyo anaweza kuaminiwa kwa dola 5.

Niliposoma habari hiyo nilimwona mama yangu. Oktoba 1982 nilikuwa na miaka mitatu. Familia nyingi zenye asili ya Rwanda, na nyingine zilizodhaniwa tu kuwa nayo, zilifukuzwa kwenye ardhi zao katika iliyokuwa wilaya ya Mbarara. Wengi walikimbilia Rwanda, wengine wakaingia kambi za Nakivale na Oruchinga, sisi tukavuka Kagera tukaangukia Karagwe, Tanzania. Kabla ya kuondoka mama aliuza ng'ombe watatu kwa jioni moja. Aliyenunua alikuwa jirani. Alizijua thamani zao vizuri, mmoja alikuwa na ndama, na alijua pia kwamba kesho yake tusingekuwepo. Bei aliyotoa mama huitaja mpaka leo, kwa sauti ile ile, kama mtu anayesoma hukumu.

Ng'ombe wale hawakuwa wamepoteza thamani. Maziwa yalikuwa yale yale. Ni sisi tuliokuwa tumepoteza uwezo wa kungoja.

Graham alisoma kwa taabu na kwa akili nyingi. Nafasi ya ufadhili katika Chuo Kikuu cha Columbia ilimponyoka mara ya kwanza kwa sababu ofisi ya chuo ilichanganya jina lake na la binamu yake, kosa ambalo mtu yeyote aliyewahi kupanga foleni ya vitambulisho Nakivale atalitambua. Alipoingia, alisoma haraka huku akifanya kazi, akamaliza mwaka 1914 akiwa karibu kileleni mwa darasa lake. Kabla hajahitimu, chuo kilimpa nafasi ya kufundisha katika idara tatu tofauti: Kiingereza, falsafa na hisabati. Alikuwa na miaka 20. Alikataa zote tatu, kwa sababu nyumbani kulikuwa na mama na madeni, akaenda Wall Street kuwa kijana wa kupeleka barua na kuandika bei ubaoni kwa chaki, kwa dola 12 kwa wiki.

Mwaka aliouanza kazi ulikuwa wa ajabu. Vita vilipolipuka Ulaya, Soko la Hisa la New York lilifungwa tarehe 31 Julai 1914, na biashara ya hisa haikurudi mpaka Desemba. Kwa miezi minne kampuni kubwa za Marekani hazikuwa na bei rasmi kabisa. Viwanda viliendelea kufua chuma na treni ziliendelea kubeba abiria. Hapa Isingiro tunalijua hilo kwa njia yetu. Ugonjwa wa miguu na midomo ukiingia, masoko ya ng'ombe yanafungwa kwa karantini, wakati mwingine kwa miezi. Siku hizo ng'ombe wako hana bei. Lakini asubuhi unakwenda kumkamua kama kawaida.

Miaka ya 1920 ilimpendeza Graham mno, na nadhani hapo ndipo alipojikwaa. Alikuwa hodari wa kusoma vitabu vya hesabu vya kampuni wakati ambapo wengi walinunua kwa uvumi. Mwaka 1926 alianzisha mfuko wa pamoja na marafiki, wenye dola 450,000. Mapema mwaka 1929 ulikuwa umefika dola milioni 2.5. Yeye hakuchukua mshahara, alichukua sehemu ya faida. Alihamia nyumba ya kifahari yenye watumishi. Tangu mwaka 1928 alikuwa pia akifundisha jioni Columbia, na darasa lilijaa, maana wanafunzi walipata majina ya hisa za kununua. Pigo lililomfika wakati huo halikuwa la fedha: mwaka 1927 mwanawe wa kwanza, Isaac Newton Graham, alikufa kwa homa ya uti wa mgongo akiwa mtoto wa shule. (Isaac Newton yule mwanasayansi naye alipoteza fedha nyingi kwenye hisa za Kampuni ya Bahari ya Kusini mwaka 1720. Elimu ya nyota haikumsaidia.)

Mwanzoni mwa mwaka 1929, akiwa Florida, Graham alikutana na mfanyabiashara mzee wa miaka 93. Mzee alimhoji: ana wateja wangapi, ana fedha kiasi gani, na amekopa kiasi gani. Alipopewa majibu akamshauri apande treni ya kesho yake, auze kila kitu, alipe madeni na awarudishie watu fedha zao. Graham alimshukuru kwa adabu na kumdharau kimoyomoyo. Alikuwa na miaka 34 na mzee huyo hakujua lolote kuhusu mbinu zake.

Oktoba mwaka huo soko lilianguka. Lakini si Oktoba iliyomwangamiza. Mwaka 1929 mfuko wake ulipoteza asilimia 20, ambayo ni kidogo ukilinganisha na wengine. Mwaka 1930, akiamini kwamba mabaya yamekwisha na bei ni za kutupwa, alinunua zaidi, na kwa fedha za kukopa. Bei zikaendelea kushuka. Mwaka huo mmoja mfuko ulipoteza asilimia 50. Mwaka 1931 ukapoteza 16, na mwaka 1932 ukapoteza 3. Ukijumlisha yote, kati ya kila dola 10 zilibaki 3. Mtoto aliyeona mama yake akifilisiwa na mkopo wa hisa mwaka 1907 alikuwa amekopa kununua hisa mwaka 1930.

Nisimcheke. Mwaka 2007 nilinunua hisa za kampuni moja kwa akiba yangu ya miaka minne ya ualimu. Zikapanda. Nikaona akiba yangu ni ndogo kwa bahati kubwa namna ile, nikakopa kwenye SACCO, nikaongeza. Siku hizo Nairobi na Kampala watu walipanga foleni kwa madalali kama wanaopanga kupiga kura. Kisha uchumi wa dunia ukayumba. Faharasa ya hisa 20 za Nairobi, iliyokuwa juu ya 6,000 Januari 2007, ilikuwa chini ya 2,500 Machi 2009. Hisa zangu zilishuka nazo. Lakini kushuka si ndiko kulikoniumiza, kwa kuwa kampuni haikufa na gawio liliendelea kutoka. Kilichoniumiza ni makato ya mkopo, yaliyokuja kila mwezi, na baba mkwe kulazwa hospitali katikati ya kipindi hicho. Niliuza Februari 2009, karibu kabisa na sakafu. Aliyezinunua simjui. Namfikiria kama yule jirani yetu wa 1982.

Kitabu cha Graham nilikipata mwaka uliofuata, kwenye meza ya vitabu vya mitumba mjini Mbarara, jalada lake limechanika. Kama ningekipata miaka mitatu mapema sidhani kama ningekisoma.

Namna alivyotoka shimoni ndiyo iliyonifanya nimheshimu. Mkataba wake na wenye fedha ulisema halipwi chochote mpaka hasara yote irudi. Angeweza kuufunga mfuko na kuanza mwingine kwa jina jingine, kama wengi walivyofanya. Yeye na mshirika wake, Jerome Newman, walibaki. Waliacha kukopa. Baba mkwe wa Newman aliwaongezea mtaji ili wasizame. Graham alihama nyumba ile ya kifahari, mkewe akarudi kufundisha dansi, naye akajipatia riziki kwa kufundisha, kuandika na kutoa ushahidi wa kitaalamu mahakamani. Kwa miaka kama mitano mfuko haukumlipa kitu. Kufikia mwisho wa 1935 hasara yote ya watu ilikuwa imerudishwa.

Katikati ya dhiki hiyo, mwaka 1932, aliandika makala tatu katika jarida la Forbes akionyesha jambo ambalo watu waliokuwa na hofu hawakutaka kuliona. Karibu theluthi moja ya kampuni za viwanda katika soko la New York ziliuzwa kwa bei ndogo kuliko fedha na mali nyepesi zilizokuwa ndani yake baada ya kutoa madeni. Ni sawa na mtu kukuuzia pochi yenye shilingi 50,000 kwa shilingi 30,000 kwa kuwa mwezi uliopita aliibiwa na sasa anaogopa pochi.

Mwaka 1934, pamoja na David Dodd, aliyekuwa akiandika mihadhara yake darasani, alitoa kitabu kikubwa cha kuchambua hati za hisa na hatifungani. Kile cha watu wa kawaida, ambacho ndicho nilichokinunua mimi, kilitoka mwaka 1949. Humo ndimo alimomuumba Bwana Soko.

Nawaeleza wafanyabiashara wa Kikagati na Mutukula, kwa sababu mtamwelewa kuliko maprofesa. Fikiria una hisa ndogo kwenye biashara, na mmoja wa washirika wako ni mtu mwenye hisia nyingi. Kila siku, bila kuitwa, anakuja kukutajia bei. Kwa bei hiyo yuko tayari kununua sehemu yako au kukuuzia yake. Siku nyingine ameamka na furaha, anaona neema tupu, anataja bei kubwa. Siku nyingine amekata tamaa, anataka kukuachia karibu bure. Hachoki na hakasiriki ukimpuuza. Kesho atakuja tena. Swali la Graham lilikuwa jepesi: je, utamruhusu mtu huyu akuambie mali yako ina thamani gani? Kama akitaja bei ya kichaa upande wa juu, unaweza kumuuzia. Akitaja ya kichaa upande wa chini, unaweza kununua kwake. Siku nyingine zote unamwacha apige kelele, unakwenda kuangalia biashara yenyewe inaendaje.

Ninyi mmeishi naye. Ndiye dalali wa kubadilisha fedha anayewatajia shilingi ya Tanzania asubuhi bei moja na jioni nyingine. Ndiye mwenye lori la matoke anayefika Isingiro wakati wa mavuno, migomba imejaa, akatoa bei ya mkungu ambayo hailipi hata kazi ya kuukata. Mwenye watoto wanaodaiwa karo wiki hiyo anauza. Mwenye kihamba kile kile lakini hana deni anaacha mkungu mtini siku chache, au anaula. Migomba yao ni sawa na mvua iliyonyesha ni moja.

Kwa hiyo Graham alisisitiza kitu alichokiita nafasi ya usalama: nunua kwa bei iliyo chini sana ya unachokadiria kuwa thamani, ili hata ukikosea hesabu, au mwaka ukiwa mbaya, usizame. Mwenye mtumbwi wa kuvushia watu Kagera hapakii mpaka maji yafike ukingoni. Anaacha kina cha mkono, kwa sababu ya upepo asioujua.

Na kwa mtu wa kawaida, mwenye kazi yake nyingine, alitoa kanuni ambayo mimi mwalimu wa hisabati naipenda kwa sababu inaandikika kwenye kiganja. Gawa akiba yako kati ya hisa na hatifungani nzuri. Hisa zisiwe chini ya robo wala zisizidi robo tatu. Usipojua, gawa nusu kwa nusu. Hisa zikipanda mpaka zikazidi nusu yake, uza kidogo ununue hatifungani. Zikianguka, fanya kinyume chake. Kanuni hiyo inakulazimisha kuuza wakati wa shangwe na kununua wakati wa kilio, bila kuhitaji ujasiri.

Tuitazame kwetu. Soko la Nairobi lipo tangu 1954, ya Dar es Salaam na Kampala yalianza kuuza na kununua mwaka 1998, la Kigali likafunguliwa 2011. Hisa za Safaricom ziliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5 za Kenya. Mapema mwaka uliofuata zilikuwa chini ya 3. Mwaka 2021 zilipita 40. Mwishoni mwa 2023 zilikuwa chini ya 15. Watu walipiga simu kwa fedha zao zile zile miaka yote hiyo. Na si kila anguko ni kelele za Bwana Soko. Hisa za Umeme ziliuzwa hapa Uganda mwaka 2012 kwa shilingi 275, na tangu siku hiyo ya kwanza aliyesoma waraka angeona kwamba mkataba wa kampuni kusambaza umeme ulikuwa wa miaka 20 kuanzia 2005. Ulikwisha tarehe 31 Machi 2025, serikali ikautwaa mtandao. Hapo hakuna kungoja bei irudi. Ni lazima ujue unachomiliki kina umri gani. Graham alikuwa mkali juu ya jambo hilo, na wanaomtaja kama mtume wa subira huwa wanalisahau.

Hata NSSF yenyewe hupanda na kushuka, ingawa kwa adabu zaidi, maana sehemu kubwa ya fedha zetu iko kwenye hatifungani za serikali za Afrika Mashariki na sehemu ndogo kwenye hisa. Riba iliyotangazwa kwa mwaka wa fedha 2020/21 ilikuwa asilimia 12.15. Mwaka uliofuata ikashuka hadi 9.65, na chumba cha walimu kililalamika kana kwamba tumeibiwa. Mwaka 2024/25 ikafika 13.5 na hakuna aliyeshukuru.

Miaka ya mwisho ya kazi ya Graham naipitia haraka. Mwaka 1948 kampuni yake ilinunua nusu ya kampuni ya bima ya magari, GEICO, kwa dola zaidi kidogo ya 700,000. Ununuzi huo ulivunja baadhi ya kanuni zake mwenyewe, na faida yake ikaja kuzidi ya vitu vingine vyote alivyochambua kwa uangalifu kwa miaka 20. Alilikiri jambo hilo wazi, tena kwa kicheko. Mmoja wa wanafunzi wake wa mwaka 1951 aliitwa Warren Buffett, ambaye alifanya kazi kwake kuanzia 1954 na baadaye akawa tajiri kuliko mwalimu wake mara nyingi sana.

Mwaka 1956 Graham aliifunga kampuni, akiwa na miaka 62, akastaafu kweli kweli. Hilo ni adimu kwa watu wa fedha. Alihamia California akafundisha chuoni huko, kisha akawa anaishi kwa zamu Marekani, Ureno na Ufaransa. Alisoma Kigiriki na Kilatini kwa kujifurahisha. Alijifunza Kihispania kiasi cha kutafsiri riwaya ya Mario Benedetti wa Uruguay, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1969. Habari yake ni ya karani mjane anayehesabu siku zilizobaki kabla ya kustaafu. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, kati ya vitabu vyote vya Kihispania, alichagua hicho.

Alikufa Aix-en-Provence, Ufaransa, tarehe 21 Septemba 1976. Mwaka huo huo GEICO, iliyowahi kuuzwa dola 61 kwa hisa mwaka 1972, ilikuwa imeshuka hadi dola 2 kwa sababu ya hasara kubwa za bima, na wengi waliamini inakufa. Buffett alinunua. Kampuni ilipona.

Narudi kwenye droo. Kwa hesabu yangu, asilimia 20 hiyo ingetosha kununua hatifungani za serikali kupitia Benki Kuu, ambako kiwango cha chini ni shilingi 100,000, na zikabaki za kununulia hisa kidogo kidogo kila mwezi bila kujali bei ya siku. Mume wangu ana hesabu nyingine. Kuna kipande cha shamba la migomba kinauzwa upande wa Kabingo, na anasema migomba haifungwi karantini. Tumebishana kwa upole muhula mzima. Kuna pia wazo la tatu, la kuziacha mahali zilipo, ambalo linanivutia hasa usiku.

Jumapili iliyopita nilimweleza mama yote, mimi na mume wangu tukiwa tumekaa naye barazani. Sasa hivi kusikia kwake kumepungua, kwa hiyo ilibidi nirudie. Hakuuliza kuhusu hisa, wala hatifungani, wala bei ya shamba. Aliuliza kama kuna mtu tunayemdai au anayetudai. Nikamwambia mkopo wa SACCO, ule wa karo ya kijana wetu, umebakiza miezi minne. Akasema tungoje miezi minne, kisha akaomba asogezewe kiti, maana jua lilikuwa limemfikia.